UZI: Naandika kitabu kuhusu "wakamata mizimu". Lamu wameniambia hata jina lenyewe nimekosea

KalamuNaWino (mleta uzi)

Salaam wanajamvi.

Miaka mingi nasoma humu kimyakimya, leo nafungua uzi wangu wa kwanza. Ni mrefu, nitauweka vipande vipande kadiri mtandao wa huku utakavyoniruhusu.

Naandika kitabu. Kosa langu la kwanza, na nawaomba msiliige, ni kwamba kilikuwa na jina kabla sijamhoji hata mtu mmoja. Nilikiita "Wakamata Mizimu". Nia yangu ilikuwa kuzunguka Pwani nikiwatafuta wale watu wanaoitwa nyumbani kwako pakisikika kishindo cha usiku kisichoeleweka. Nikaanza na Lamu, nikijiambia mji wa mawe usio na magari, wenye vichochoro ambavyo ukikutana na punda mwenye mzigo wa mchanga lazima mmoja wenu arudi nyuma, huo ndio mji wa kazi hii.

Siku ya tatu nikapelekwa kwa mzee mmoja wa Langoni. Simtaji jina, na humu sitamtaja yeyote, msiniulize inbox. Alikuwa barazani na wenzake, vikombe vya kahawa tungu mkononi. Nikawaamkia, nikaketi, nikatoa kinasa sauti, nikauliza swali nililokuja nalo limeandikwa kwenye daftari: "Ami, tangu uanze kazi hii umekamata mizimu mingapi?"

Akanitazama. Akamtazama mwenziwe. Wakacheka mpaka muuza kahawa akaweka dele lake chini, naye apate kujua kuna nini.

Mzee akafuta macho, akaniambia: "Mizimu katafute huko ulikotoka. Hapa kuna majini, kuna pepo. Na pepo hashikwi, mwanangu, pepo hupungwa. Wewe mgeni akija kwako ukamkaba koo, atakwambia vipi alilolijia?"

Nilizima kinasa sauti, nikarudi chumbani, nikakata maswali kumi na tisa kati ya ishirini na mawili. Na usiku ule nikalitafakari hilo neno kupunga. Tunapunga mkono kumuaga mtu anayeondoka. Tunapunga upepo. Anayepungwa anaondoka kwa miguu yake mwenyewe, hakuna pingu. Kitabu kizima kilikuwa kimeanzia kwenye kitenzi kibaya.

MkateWaMofa

Nimetandika jamvi siti ya mbele. Mwaga mzigo.

Kaskazini_Kuu

Uzi bila picha mkuu? Hata ya baraza tu?

KalamuNaWino

Picha hakuna. Ndilo sharti la kwanza nililopewa na nimelikubali. Sasa nyumba.

Iko Mkomani, upande wa majumba ya zamani. Wenyewe wako Mombasa na Uarabuni, mirathi haijagawanywa, na nyumba ina miaka imefungwa kwa kufuli mbili za ndugu wawili. Majirani wanasema usiku kuna mtu anatembea juu. Nikaomba kulala nyumba ya pili yake.

Usiku wa kwanza, mbu tu. Usiku wa pili, kitu kama saa nane, nikasikia. Ko. Ko. Ko. Zikipita juu ya kichwa changu kutoka upande wa bahari, zikasimama, zikarudi. Sitawadanganya: niliisoma Ayatul Kursi mara tatu, na mara ya pili nilikosea katikati nikaanza upya.

Asubuhi mwenyeji wangu akanipeleka kuona wikio. Kwa msioijua Lamu, wikio ni chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kinaunganisha nyumba mbili zilizotazamana. Zamani wanawake wa ukoo mmoja walipita humo kwenda kwa wenzao bila kushuka njiani. Wikio la ile nyumba tupu limeegemea ukuta wa chumba nilicholala. Sakafu ni boriti za mikoko, juu yake matumbawe na chokaa, na kuta ni matumbawe hayo hayo, unene wake ni kama mkono wangu kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Tulipopanda tukakuta manyoya ya njiwa, kinyesi, na paka watatu wamelala kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kama vyombo vya kaure vya marehemu bibi yao.

Nikajiona nimemaliza kesi. "Kumbe ni paka!"

Mwenyeji hakugeuka hata. "Paka, naam. Tangu lini paka akavaa mitalawanda?"

Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli. Mitalawanda ni viatu vya mti, na ile sauti ilikuwa ya mti juu ya sakafu. Nimeiandika kwenye daftari kama nilivyoisikia, na sijaiongezea wala kuipunguzia.

Muuguzi_Mstaafu

Boriti za mikoko zikipoa usiku hulia. Mwenye nyumba ya zamani anajua.

MkateWaMofa

Zikilia zinakwenda na kurudi, mama?

KalamuNaWino

Naendelea. Huyo mwenyeji ndiye aliyenipeleka kwa mama yake mkubwa, nitamwita Bi Mkubwa. Sikuuliza umri, ila anasema mambo anayonisimulia "si ya yana wala yuzi", na yeye alikuwa ameshaolewa wakati huo.

Nilikwenda na kilo mbili za sukari, majani ya chai na mkate wa mofa. Sikumpa pesa. Mganga hupewa kifungua mkoba kabla hajagusa dawa, na mimi sikuwa mgonjwa. Nilihofia nikitoa pesa atanitibu badala ya kunisimulia.

Kwanza alinikataa. "Wewe wataka kuteka tu." (Kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, kuteka ni kucheka, msije mkaniambia kuna habari ya maji.) Nikarudi kesho yake, nikarudi kesho kutwa. Siku ya nne akasema "ndoo uketi", yaani njoo, nikaketi.

Kumbe yeye mwenyewe alianza kama mgonjwa, na wengi wao ni hivyo. Aliumwa baada ya mtoto wake wa pili: halali, hali, akisikia ubani anatetemeka. Walikwenda hospitali, wakaenda kwa mwalimu wa kitabu. Mwalimu akauliza jina lake na jina la mama yake, akahesabu herufi, akatoa nyota. Akapewa kombe, maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini. Halikutosha. Ndipo wakamwita fundi wa ngoma, na pepo akapanda kichwani, akasema. Mtu anayepandwa anaitwa kiti. Pepo anaketi, kiti kinasema. Fundi hana haja ya kumkamata, kazi yake ni kumhoji: wewe nani, umetoka wapi, huyu kakukosea nini, wataka nini ili umpe nafasi? Mwingine anataka kanzu nyeupe, mwingine pete ya fedha, mwingine sinia la halua na marashi. Kuna pepo wa Kiarabu, wa Kisomali, wa bara, kila mmoja na lugha yake, ngoma yake na vyakula vyake. Ukimsikiliza Bi Mkubwa unaona historia ya bandari nzima imepita kwenye vichwa vya wanawake.

Nikamwambia, "Bibi, basi fundi na mimi kazi yetu moja. Sote twauliza maswali."

Akasema, "Yeye hungoja jawabu."

Hilo lilinichoma, lakini lipo kwenye kitabu.

Nimeruka jambo moja: kombe. Nilipata kuliona likiandikwa, kwa mgonjwa mwingine. Mwalimu alichukua sahani nyeupe isiyo na ua hata moja. Zafarani akaikoroga kwa marashi ndani ya kikombe cha kahawa. Kalamu ya mwanzi akaichonga upya kwa kisu cha kumenyea embe. Akaanza kuandika ukingoni, akizunguka kuja katikati kama gamba la konokono, akizungusha sahani badala ya kusogeza mkono. Wino ulianza rangi ya chungwa, ukakauka ukawa kama kutu. Alipomimina maji maandishi yaliachia taratibu, herufi zikawa nyuzi, nyuzi zikawa wingu. Maji yakatiwa kwenye chupa ya soda ambayo kifuniko chake hakikazi. "Funda asubuhi, funda jioni." Mgonjwa akauliza kama aiweke frijini. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema aweke, lakini si karibu na samaki.

Abu_Kitabu

Mkuu, umeandika vizuri lakini usituchanganyie mambo. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni ruqya, ipo na haina ubishi. Ngoma, sinia la pepo, kumchinjia jini kuku mweusi, hiyo ni shirki. Lamu ni mji wa msikiti wa Riyadha na Maulidi, wa masharifu na wanazuoni. Watu wakisoma kitabu chako watadhani tunaamka na kulala na majini.

KalamuNaWino

Shukrani shekhe. Walimu niliowahoji Lamu wamesema kama wewe, mmoja kwa ukali zaidi, na maneno yao yatachapwa yote. Bi Mkubwa mwenyewe ngoma aliacha zamani, baada ya kuhiji. Nilipomuuliza yule pepo alikwenda wapi alisema, "Alizeeka kama mimi."

MzaliwaWaMalindi

Mleta uzi, ukimaliza Lamu shuka huku kwetu. Anza na Gedi, kilomita kumi na kitu kabla ya kuingia Malindi ukitokea Mombasa. Msikiti mkuu, jumba la kifalme, visima vilivyokauka, na kaburi lenye mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Watu waliuhama katika karne ya 17, msitu ukaufunika. James Kirkman, yule Mwingereza aliyeanza kuchimba pale 1948, aliandika mwenyewe kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta, si adui wala rafiki, kinangoja tu. Huyo ni mtu wa mizani na rula, si wa kutishika na ngoma.

Lakini sikuja kwa ajili ya hilo. Umesema pepo hashikwi. Sisi Wagiriama tunajua walioshikwa.

Mzee wa chama cha gohu akifa, baadaye anachongewa kigango. Ni ubao mrefu wa mti mgumu, muhuhu kwa kawaida maana mchwa hauuwezi, una kichwa cha duara, na mwili umenakshiwa pembetatu ndogondogo. Unasimikwa bomani. Pale ndipo koma, roho ya mzee, inapokaa, anapewa tembo, anaambiwa habari za nyumba. Haung'olewi. Familia ikihama, kigango kinabaki.

Kuanzia miaka ya 1970 vijana walivinyofoa usiku wakaviuza kwa wenye maduka ya vinyago, na vikavuka bahari hadi kwenye makumbusho na sebule za matajiri Marekani. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilikubali kurudisha 30. Thelathini, kutoka jumba moja! Wewe unatafuta wakamata mizimu wenye ubani na chetezo. Wakamata mizimu walikuja na gari aina ya pikapu.

Boma la babu yangu lina shimo mpaka leo. Nyasi haioti vizuri pale, au labda ni sisi tunaolikanyaga kila tukienda kulitazama.

KalamuNaWino

Ndugu yangu, hii post nimeisoma mara nne. Nakuja Malindi. Nitakutafuta kwa ruhusa yako.

Wakili_wa_Kijiweni

Nitie neno la kisheria, kavu kidogo. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925. Kumtuhumu mtu hadharani kuwa ni mchawi ni kosa, na kujidai una uwezo wa kichawi kwa nia ya kutisha au kudhuru pia ni kosa. Sauti ulizonasa nazo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, chukua ridhaa ya kila mmoja, ikiwezekana kwa maandishi.

Na hili si la karatasi tu. Kaunti ya Kilifi wazee wamekatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni vinatosha kuwa ushahidi. Ukiandika "mzee fulani wa kijiji fulani anaongea na mizimu", umempa mtu anwani. Kwa hiyo usibadilishe jina peke yake, badilisha na kijiji.

Muuguzi_Mstaafu

Asante wakili. Nami nina langu, na mleta uzi akipenda aliweke kitabuni.

Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, hospitali siitaji. Degedege ilikuwa inatuua. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, bibi anasema kapitiwa na ndege wa usiku, hii si ya sindano, sindano itamuua. Anapelekwa kwa mganga, anafukizwa. Akiletwa kwetu malaria imeshapanda ubongoni. Kuna babu alimleta mjukuu wake siku ya nne. Nilimfokea mbele ya watu. Mtoto alipona, lakini yule babu hakurudi tena kwenye hospitali yetu, wala watu wa kwake, kwa sababu ya mdomo wangu.

Baadaye nikabadilika. Mganga wa mtaa wetu nilimfuata nyumbani, nikamwamkia, nikamwambia: joto likipanda mlete kwangu kwanza, ukimaliza kwangu mfukize utakavyo. Alikubali. Alikuwa anawaleta usiku wa manane kwa baiskeli, amemfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya mkewe.

Na kuhusu wale wanaosema jini aliwakalia kifuani wakashindwa kupiga kelele: hilo ni jinamizi, akili imeamka mwili bado umelala. Halijaua mtu. Lala ubavu.

Bint_Shela

Haya, mimi nitasema lile ambalo wenye mji hawalisemi.

Tangu Lamu iingie kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na kabla ya hapo wageni wakiwa wameshaanza kununua majumba, jini amekuwa na kazi nyingine. Nyumba ya babu yangu ilikaa na jini miaka sita. Kila mnunuzi wa humu humu akija anaambiwa: pale nyumba kati, chumba walichooshewa maiti wote wa ukoo, mtu halali. Bei ikashuka, ikashuka. Ndugu wakachoka wakauza kwa mtu mmoja mstaarabu sana aliyekuja na dalali. Mwezi wa pili kuta zimepakwa chokaa mpya, birika la kuhifadhia maji lina samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na nyumba kati ni stoo ya viti vya wageni. Jini hajasikika.

Alihama na dalali.

MkateWaMofa

😂😂😂 Kahawa imenipalia.

Kaskazini_Kuu

Bint, si nyumba zote jamani. Kuna ile ya mtaa wetu mnunuzi mwenyewe alikimbia.

Bint_Shela

Huyo alikimbia mkewe.

KalamuNaWino

Nimecheka mpaka nimekosa adabu. Bint, uliyosema nimeyasikia kwa wazee wawili, wanalisema kwa kunong'ona zaidi kuliko wanavyonong'ona jina la jini.

Niongeze kipande cha chupa halafu nimalize.

Nimempata mmoja tu anayedai kwamba anakamata. Kijana, ana bango, ana namba ya kutumia pesa, na mezani ana chupa saba zimefungwa kitambaa cheusi na uzi mwekundu. Kila chupa ina jini, na kila jini ana bei iliyomtoa. Nilimuuliza maswali yote ishirini na mawili ya mwanzo, pamoja na yale niliyoyakata, akajibu bila kusita, tena kwa takwimu. Mahojiano matamu kuliko yote niliyofanya, na nilipoyasikiliza tena usiku sikupata sentensi hata moja ya kuandika.

Nilimsimulia Bi Mkubwa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na akisha kumtia tupani amuweka wapi? Kabatini?"

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Aliomba asikie sauti yake mwenyewe, hajawahi. Tukaketi yeye, mimi na mwanawe, kinasa sauti juu ya mkeka. Alikuwa akitabasamu, anajisahihisha ("hapo nimesema uwongo, ilikuwa mwaka wa pili yake"). Tukafika mahali anaposimulia usiku ule pepo aliposema kwa mara ya kwanza, na akalitaja jina lake. Tabasamu likakatika. Akaweka kiganja juu ya ile mashine kama unavyomziba mtoto mdomo.

"Futa hapo. Hilo si langu kukupa."

Nikajaribu kumweleza kwamba hakuna atakayesikia, ni kumbukumbu zangu tu. Hakuniondolea kiganja. Mwanawe akatazama dirishani.

Nikafuta. Simulizi tangu jina lilipotajwa hadi ngoma ilipokwisha, dakika 11.

Abu_Kitabu

Umefanya la kiungwana.

MkateWaMofa

Ukweli ukweli mkuu, nakala nyingine huna? Kwenye kompyuta?

KalamuNaWino

Ilikuwepo. Nimeifuta jioni ile ile, kabla ya boti ya Mokowe. Na si kwa uungwana, Abu. Katika zile dakika 11 kuna mahali nilikuwa sijalisikia jina vizuri, nikamwomba alirudie, kisha nikalitamka mimi mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi, nihakikishe nimelipata.